Siku ya Tatu Bila Gongo

Nilichaguliwa kwenda kwenye mafunzo kwa sababu cherehani yangu iko mkabala na kituo cha mabasi cha Laela, na wanaogombana, walevi na wanaolia wote hupita mbele yangu. Tulikuwa mchanganyiko: waendesha bodaboda, walimu, mhudumu wa baa. Kwa siku tatu pale Sumbawanga mjini, muuguzi mmoja alitufundisha namna ya kumsaidia mtu aliyechanganyikiwa akili au kuzidiwa na pombe, mpaka afikishwe kwa daktari.

Zoezi lilinishinda. Muuguzi aliigiza mtu aliyekata tamaa ya kuishi, nami nikamwambia, "Wafikirie watoto wako."

"Siachi kuwafikiria," akajibu. "Sasa umeniongezea aibu."

Nilirudi nyumbani nikijiona sifai.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumapili, jirani yangu alisimama kanisani akatangaza kwamba ameacha gongo. Alikuwa kuli, anapakia mahindi kwenye malori, na kwa miaka mingi hakuwahi kuanza kazi bila kunywa. Tulimpigia makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wengi.

Jumatano mchana mkewe alikuja mbio, peku.

"Dada, njoo. Yuko kwenye stoo ya mahindi, kashika jembe. Anasema ukuta umejaa siafu. Wanataka kumfunga kamba."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Muuguzi alikuwa ametuambia waziwazi: aliyezoea kunywa kila siku akiacha ghafla, mwili unaweza kugeuka, akatetemeka, akaona yasiyokuwepo, hata akafa. Nililisikia hilo kwa masikio yangu, kisha nikaenda kupiga makofi.

Nje ya stoo palikuwa na wanaume kama kumi. Mzee mmoja alikuwa na kamba ya katani mkononi.

"Shikamoo, baba," nikamwambia. "Naomba muda kidogo."

"Marahaba. Huyo karogwa, binti yangu. Atakupasua kichwa."

"Akinikaribia nitatoka. Naomba tu watu warudi nyuma, wasipige kelele. Na bajaji moja isogezwe karibu."

Alinitazama, halafu akaanza kuwasogeza watu.

Nilisimama mlangoni, sikuingia. Jirani yangu alikuwa ameegemea magunia, shati limelowa jasho, mikono inatetemeka hadi jembe likagongagonga sakafu.

"Kaka, ni mimi, fundi wako. Nimesimama hapa tu."

"Waue," akasema. "Hawa siafu. Wanapanda."

Ulimi ulitaka kusema hakuna siafu. Nikauzuia.

"Mimi siwaoni. Lakini naona wanakutesa."

Akanigeukia. Nikadhani nimeshinda, nikapiga hatua moja ndani. Akanyanyua jembe juu ya kichwa. Nyuma yangu mkewe alipiga yowe. Nikarudi nilipokuwa huku nikimwonyesha viganja.

"Nimekosea. Sisogei tena."

"Umeniletea polisi?"

"Hapana. Nje kuna bajaji. Nataka twende kituo cha afya, mkeo na mimi. Mwili wako unaumwa kwa sababu ya kuacha pombe. Hujawa kichaa."

Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Nilirudia maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Mwishowe akauliza, kama mtoto, "Huko siafu hawapo?"

"Nitakuwa karibu nawe. Weka jembe chini, utoke huku kwenye mwanga."

Aliliachia likaanguka. Akatoka akijipangusa mikono, na yule mzee akaificha kamba nyuma ya mgongo.

Njiani alishikwa na degedege. Tulimlaza ubavu kwenye kiti cha bajaji, mkewe akimshika kichwa, dereva akipiga honi mfululizo. Kwenye kituo cha afya daktari alimchoma sindano, kisha akaagiza apelekwe Sumbawanga kwa gari la wagonjwa. Alisema kama angefungwa na kufungiwa ndani, tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Mkewe hakunishukuru siku ile. Tukiwa kwenye benchi alisema taratibu, "Ulifundishwa, dada. Jumapili mbona hukuniambia?"

Nikamwambia nilisahau, na kwamba naomba anisamehe.

Jirani yangu alirudi baada ya wiki kadhaa. Amewahi kuanguka tena kwenye gongo mara moja, na safari ile alikwenda mwenyewe hospitali kusaidiwa kuiacha. Sasa nikisikia mtu anasema ameacha pombe, humfuata pembeni na kumuuliza: lini, alikuwa anakunywa kiasi gani, na mikono inatetemeka?