Sori na Jani la Isale

Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, na bado kuna neno moja ambalo nikiliandika ubaoni mkono unakuwa mzito: sori. Nilipokuwa kijana, mjini Moshi tulilinyunyiza kila mahali kama chumvi. Umemkanyaga mtu sokoni, sori. Hukusikia alichosema, sori. Muuza duka hana chenji, sori. Hata msibani nilimwona mtu akimpa mjane mkono na kumwambia sori, na mjane akaitikia asante.

Baba yangu hakuwa mtu wa neno hilo. Kwetu Kilema, aliyemkosea mwenzake alimwendea na jani la isale mkononi, mmea ule ule tunaoupanda mipakani, akamkabidhi bila maneno mengi. Ukishaletewa isale huna ubishi tena, unasamehe. Hata padri wetu alilijua hilo na hakulipinga.

Miaka ile bei ya kahawa ilianguka, watu wakakimbilia nyanya. Baba akalazwa hospitali wiki tatu. Mimi, mjuaji wa nyumba, nikaing'oa mibuni yote aliyoipanda babu. Aliporudi alisimama kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, akiegemea fimbo, akayatazama mashimo moja baada ya jingine.

"Baba, sori," nikamwambia. "Kahawa hailipi siku hizi."

Aliingia ndani.

Mama aliniambia nikachume isale. Nikakataa, nikadai hayo ni mambo ya kizamani na tena nimekwisha kuomba radhi. Uongo mtupu. Niliona aibu kupita mbele ya wadogo zangu nimeshika jani.

Baba aliendelea kula nasi na kuitikia shikamoo yangu kama kawaida, nikajidanganya kwamba yameisha. Baada ya miezi minne akafa, mchana, akiwa ameketi kwenye kiti chake. Tulimzika kihambani, karibu na yale mashimo.

Chuoni ndipo nilipofungua kamusi moja nene na kusoma kwamba sori ilitokana na neno la kale la Waingereza lenye maana ya kidonda, maumivu ya mwili. Wengi hudhani ni ndugu wa neno lao la huzuni, sorrow, kwa sababu yanafanana, kumbe koo zao ni mbali. Niliifunga ile kamusi. Mimi nilipolitamka mbele ya baba halikuniuma hata kidogo.

Tangu hapo, kila nikipita kihambani nahisi mtu amesimama nyuma yangu. Sigeuki. Naogopa, na sioni haya kusema hivyo. Likizo moja nilimweleza mama tukiwa tunamenya ndizi. Alimaliza ile aliyoishika, akaitia sufuriani.

"Kila siku aliniuliza kama umekuja," akasema. "Nikawa namwambia, si huyo hapo anakula? Naye ananijibu, 'Huyo namwona. Nauliza kama amekuja.'"