Nchi Ambayo Baba Neema Angeweza Kuikanyaga

Tuliondoka Minnesota kwa sababu ya theluji, ila si kwa sababu ile ambayo watu hudhani. Baridi tumeizoea. Tumeishi huku tangu binti yetu Neema akiwa mchanga wa mgongoni, na leo ana nyumba yake Blaine na watoto wake mwenyewe. Kilichotushinda ni ule weupe. Mume wangu Daudi, ambaye mimi humwita Baba Neema, aliendesha basi la jiji Minneapolis kwa miaka mingi, mpaka presha ya macho ilipoanza kumpunguzia uoni kutoka pembeni. Sasa huona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Majira ya joto hutembea mwenyewe mitaa ya Richfield na fimbo yake nyeupe, akifuata ukingo wa barabara. Theluji ikishuka, ukingo hupotea, milio ya magari hufifia, na jua likiupiga ule weupe, hata kile kidogo anachokiona huzimika. Basi hukaa kwenye kiti cha dirishani, majira yote ya baridi, akiniuliza nani amepita.

Kanisani walituuliza mbona tusirudi Kenya. Baba Neema alikuwa na jibu lake.

"Voi nitaenda kusalimia, na nitakula, na nitafurahi," aliwaambia. "Lakini kule nikiinuka tu, wapwa watatu wanainuka nami. Watanishika mkono hadi mlango wa choo. Watafanya hivyo kwa mapenzi, na mapenzi hayohayo yatanikalisha chini."

Wakacheka, naye akacheka, lakini mimi niliyekuwa naye nyumbani nilijua hatanii.

Ndipo tukaanza kuzungumza habari ya Ulaya: nyumba ya pili ya kukimbilia baridi, katikati ya njia ya kwenda kwetu, na wakati wa joto turudi Richfield karibu na wajukuu na daktari wake wa macho. Ugiriki tuliijadili kwenye chai tukaiacha mezani. Safari za kuunganisha ndege zilikuwa nyingi mno. Zikabaki Ureno na Uhispania.

Mapema Aprili, theluji ya mwisho ikiwa bado imelala kando ya barabara kama majivu, Neema alitupeleka uwanja wa ndege. Si mbali na kwetu, lakini alipata nafasi ya kutosha kusema yaliyomkaa moyoni. Aliyasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Baba anajikwaa hata Richfield anakokujua, alisema. Vipi tumpeleke mji asioujua, usiojua lugha yake, na mimi mwenyewe umri unakwenda?

"Ndiyo maana tunaenda kuutazama kwanza," nikamjibu.

"Kuukanyaga," Baba Neema akanisahihisha kutoka kiti cha mbele. "Kutazama atatazama mama yako."

Ureno tulifikia Lizboni, tukapanda gari moshi siku ya pili kuelekea kusini, kwenye mji mdogo wa pwani. Nimefanya kazi ya uuguzi maisha yangu yote, nimezoea kuta za kijani na taa za mirija. Sikuwa tayari kwa mwanga ule. Nyumba zilikuwa nyeupe, zenye mistari ya buluu kuzunguka milango, na kila roshani ilikuwa na maua. Dalali wetu, mwanamke kijana mcheshi, alitupandisha mtaa uliopinda hadi nyumba iliyokaa juu kabisa. Ilikuwa na mlimau uani. Ukisimama jikoni, bahari yote ilikuwa yako.

Nilisimama pale nikaona uzee wangu. Nilijiona nikikata mboga huku nikitazama maji.

"Nisimulie," Baba Neema akasema.

Nikamsimulia. Rangi za boti, kisiwa cha mchanga kilichojinyoosha mbele, ndege wenye miguu mirefu. Alinisikiliza kwa makini, uso umegeukia upepo.

"Ni nzuri," akasema. "Naisikia kwenye sauti yako. Tuichukue."

Dalali alituafikia tulale hapo siku chache kabla ya kutoa arbuni, maana mwenye nyumba hakuwa na haraka. Jioni ile nililala na furaha ya msichana.

Asubuhi nilishuka sokoni peke yangu. Mtaa ulikuwa umetandikwa vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi, vimesuguliwa na miguu ya miaka mingi vikawa laini kama sabuni. Kila baada ya nyumba kadhaa kulikuwa na ngazi, na hakuna ngazi iliyolingana na mwenzake. Niliporudi nilimkuta Baba Neema amesimama mlangoni, fimbo mkononi, kofia kichwani.

"Unatoka?"

"Nilikuwa nakungoja."

Alasiri nilikwenda kununua samaki. Nikamkuta palepale. Kesho yake, tena. Siku ya tatu sikuuliza kitu. Niliweka kikapu chini, nikasimama kando yake, nikafumba macho, kisha nikajaribu kuushuka mtaa ule kwa miguu yangu ya kuaminika. Sikufika hata ngazi ya tatu. Nilishika ukuta wa jirani nikabaki hapo, nikisikia mji wote uko chini yangu na sina njia ya kuufikia.

Nilirudi nikamkalisha kitini.

"Kwa nini ulisema tuichukue?"

"Mama Neema, miaka yote hii ya baridi umekaa ndani kwa ajili yangu. Nilitaka upate kitu cha kutazama."

"Na wewe ukae mlangoni?"

"Mlangoni kuna jua," akasema. "Afadhali kuliko dirishani."

Nilimpigia simu dalali. Alisikitika, nami nilisikitika kuliko yeye. Sitaficha: nililia jikoni, nikiitazama bahari ile, na nilikasirika pia, ingawa hapakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Valencia tulifika siku ya mawingu. Hapo tulipokewa na Mama Beatrisi, mjane kutoka Bukavu aliyeishi Uhispania muda mrefu. Dada yake tunaabudu naye Minneapolis, na ndiye aliyetuunganisha.

"Karibuni ku nyumba!" alituita kutoka juu kabla hatujafika kwenye lifti. "Muko na njala, ama mutapumuzika kwanza?"

"Njala, dada," Baba Neema akajibu, na urafiki ukaanzia hapo, juu ya wali na maharage.

Mtaa wake haukunivutia. Majengo ya ghorofa, duka la dawa, karakana ya baiskeli. Lakini ardhi ilikuwa tambarare kama meza. Njia za waenda kwa miguu zilikuwa pana, na kila penye kuvuka barabara, chini paliwekwa vigae vyenye vinundu ambavyo soli ya kiatu inavihisi. Baba Neema alivipata mara ya kwanza akasimama, akarudi nyuma, akavikanyaga tena.

"Hivi viko kila kona?"

"Mingi sana," Mama Beatrisi akasema. "Na taa zinalia. Ngoja, utasikia."

Taa ikabadilika, kikatoka kilio kama cha kifaranga. Baba Neema akageuza kichwa kuelekea ng'ambo, na nikaona mabega yake yakishuka, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu alipoacha kazi.

Siku mbili alitembea nami, mkono wangu chini ya kiwiko chake, akinihesabia njia panda hadi duka la mikate kwa sauti ndogo. Mimi nilitumia muda wangu kama muuguzi: nilikwenda kliniki ya mtaa, Mama Beatrisi akinitafsiria, nikahakikisha dawa zake za matone zinapatikana na kwamba daktari wa macho hayuko mbali.

Siku ya tatu asubuhi niliamka nikakuta upande wake wa kitanda umetandikwa. Fimbo haikuwepo.

"Ameenda," Mama Beatrisi akasema bila kuacha kukanda unga. "Amenisalimia, akafunga mulango pole pole. Usikimbie, dada."

Nilikimbia. Nilishuka ngazi kwa sababu lifti ilinichelewesha, nikatokea barabarani na kanga juu ya nguo ya kulalia. Nilimwona mbele, tayari kwenye njia panda ya kwanza. Nilifungua mdomo nimwite. Taa ikalia, akavuka. Nikaufunga mdomo.

Nilimfuata kwa mbali. Alipita chini ya michungwa iliyokuwa katika maua, harufu yake nzito kama uvumba. Njia panda ya pili akavuka. Kisha akalipita duka la mikate, akaendelea, akasimama. Nilijua amejua amekosea. Aligeuza kichwa huku na huku. Watu walimpita. Miguu yangu ilitaka kwenda, nikaikatalia.

Akamsimamisha mwanamke mmoja aliyebeba mfuko. Kihispania chake kilikuwa na neno moja, la mkate, na alilitumia: "Pan." Yule mama akanyoosha kidole. Baba Neema hakukiona. Akatabasamu, akagusa fimbo yake, kisha akagusa sikio. Mwanamke akaelewa. Akatangulia hatua chache hadi dukani, akagonga kioo kwa kucha zake, taratibu, mpaka Baba Neema akafika.

Alitoka na mkate mrefu kwapani kama kamanda. Nilijificha nyuma ya mchungwa, mwanamke mtu mzima mwenye wajukuu, nikamwacha anipite. Nilirudi baada yake, nikijifanya nimetoka kunyoosha miguu.

"Umetoka wapi?" akaniuliza, akikata mkate.

"Kutembea."

"Kunifuata," akasema. "Sapatu zako nazijua. Nimezisikia tangu taa ya kwanza." Akanipa kipande. "Asante kwa kutoniita."

Nyumba tuliyoipata iko mtaa huohuo, ghorofa ya chini. Hatukuinunua. Mama Beatrisi alitushauri tupange kwanza, tukae msimu mmoja wa baridi, ndipo tuamue, maana kukaa zaidi ya miezi mitatu kunahitaji kibali cha wastaafu na hilo lina taratibu zake. Dirisha la jikoni linatazama ukuta wa jengo la jirani. Mwenye nyumba aliniomba radhi kwa ukuta ule. Nilimwambia hakuna neno, na siku ile ilikuwa bado si kweli kabisa. Siku ya kuondoka nilisimama tena mbele ya ukuta ule nikaona kwamba jua la asubuhi linaupata.

Minneapolis tulitua mchana. Theluji ilikuwa imekwisha, nyasi za Richfield bado za kahawia. Neema alitupokea kwa maswali.

"Mmechagua nchi?" akaniuliza kwa Kiingereza chake, tukiingia barabara kuu.

"Uhispania."

"Ni pazuri?"

Nikafikiri. Tulipoondoka nilikuwa na picha ya nyumba nzuri kichwani: bahari, mwanga, mti uani. Nimejifunza kwamba nyumba ya pili haichaguliwi na macho ya yule anayeona vizuri. Huchaguliwa na yule ambaye nyumba ya kwanza imemfungia, na kazi ya mwenzake ni kumwachia mkono hata pale roho inapomgomea. Lakini hayo si maneno ya kumwambia mtoto aliye kwenye usukani.

"Jikoni kuna ukuta," nikamwambia. "Mengine muulize baba yako."

"Ukitoka mlangoni," Baba Neema akaanza mara moja, "shika kulia. Ukuta uko karibu, utausikia. Kona ya kwanza kuna mtu wa baiskeli, anapiga chuma tangu asubuhi, huwezi kumkosa. Vuka. Usivuke kabla kifaranga hakijalia..."

Neema alipunguza mwendo. Tuliipita njia yetu ya kutokea barabara kuu, akazunguka akarudi. Alipoegesha mbele ya nyumba na kuzima gari, hakuna aliyefungua mlango. Katika masimulizi yake, baba yake alikuwa bado hajafika kwenye duka la mikate.