Farasi wa Kiunoni na Nota Yangu ya Tisa

Sababu ya safari yangu ilikuwa nota. Katika desen teknike, somo la kuchora majengo kwa vipimo, nilipata tisa juu ya kumi, na mama yangu, ambaye hatofautishi rula na mwiko, akaitangaza Kasongo nzima, kuanzia sokoni hadi msikitini. Habari ikafika Kabambare kwa simu. Kaka yake, Mjomba Ramazani, akajibu kwamba Mungu hamtupi mja wake: yeye alikuwa na farasi wawili, na alichokosa ni enjeniere tu.

Farasi, Kabambare. Nilidhani mtandao unakatika. Lakini mjomba anauza sabuni na chumvi, husafiri mpaka ng'ambo ya ziwa, na huko alimkuta mtu aliyekuwa akipandisha watoto farasi siku za sikukuu, kazi ikamshinda, akamuuzia wawili. "Ni wafupi," mjomba alisema. "Wananifika kiunoni." Alitaka banda lenye pa kulala, na ndani yake ukumbi wenye paa, wa kuwafundishia kuvuta kigari wakati wa mvua.

Kigari hakikuwa mchezo. Mjomba ana binti, Mauwa, wa miaka kumi na miwili, ambaye miguu yake haijamtii tangu utotoni. Kaka yake ndiye aliyekuwa akimpeleka shule kwa baiskeli. Kaka akaenda machimboni, na Mauwa akakaa nyumbani mwaka mzima akihesabu mbuzi wa jirani. Mwezi wa tisa shule zingefunguliwa, na mvua ingefunguliwa pamoja nazo. Bila mahali pakavu pa kujizoeza, farasi wangebaki wamefungwa kamba, na yeye angebaki nao.

Basi nikachora, jioni moja, huku nikila mandazi. Niliuliza urefu wa farasi na kimo chake, nikazidisha kwa mbili, kazi kwisha. Ukumbi niliufanya mrefu na mwembamba, maridadi, kama korido ya hospitali. Nikaweka na mshale wa kaskazini, ingawa kaskazini ya Kabambare siijui mpaka leo. Nikapiga picha, nikamtumia mjomba, nikaanza kusubiri utukufu. Majuma matatu baadaye akaniita nije nishuhudie kazi yangu.

Asubuhi ya kuondoka Kasongo, pikipiki ilibeba motari aliyeiendesha, mimi, gunia la samaki wakavu na kuku mmoja asiyekubaliana na safari. Rula yangu ya T niliifunga mgongoni ili watu wajue ni nani anayepita.

"Ile ni silaha?" motari aliuliza.

"Ni rula ya enjeniere."

"Basi pima hii barabara, utuambie inaanzia wapi. Mimi sijaiona bado."

Niliipima kwa makalio. Shimo la kwanza, la pili, la ishirini. Halafu nikaacha kuhesabu, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kuhesabu mahali pasipo na shimo. Kwenye daraja la magogo tulishuka, tukasukuma, kuku akapanda peke yake kama mkubwa wa wilaya.

Jioni ya siku hiyo tulilala kijijini kwa mama mmoja aliyetupikia sombe na ugali. Aliniuliza naenda wapi na ile T yangu.

"Kabambare, mama. Kwa banda la farasi."

"Ile nyama inalalaka mu nyumba?"

"Ndiyo. Yenye vyumba viwili na ukumbi."

Akatazama paa lake, ambalo nyota zilikuwa zikipitia bila hodi. "Uwaulize kama hawatafute mpangaji," akasema.

Alasiri ya siku ya pili tukaingia Kabambare. Nilijifuta vumbi nikijiandaa kupongezwa. Banda lilisimama nyuma ya nyumba ya mjomba, kuta za miti na udongo, paa la majani, limenyooka kama mstari wangu. Mbele yake alikaa Fundi Amisi aliyelijenga, mzee mwenye mikono kama mizizi ya muhogo.

"Weye njo mwenye karatasi?"

"Ni mimi, baba."

"Nilifuata kila mustari. Hata ile tundu."

Tundu gani? Akanionyesha. Chini ya ukuta, usawa wa goti, kulikuwa na shimo la duara, kubwa kama sahani. Nilitazama picha kwenye simu yangu. Lilikuwa doa la mafuta ya mandazi.

"Mbona hukuuliza, baba?"

"Enjeniere anaulizwaka?" alisema, bila kucheka hata kidogo.

Madirisha yenyewe niliyachora juu, kama ya darasa. Farasi wa kiunoni walikuwa wakitazama udongo mchana kutwa. Wote wawili walikuwa wamesongamana kwenye doa langu la mafuta, pua nje, wakigombania kuona dunia. Sehemu pekee ya banda waliyoipenda ni ile ambayo sikuichora.

"Huyu mwenye tumbo anaitwa Prefe, sawa na mukubwa wa shule," Mauwa aliniambia akiwa kwenye mkeka wake. "Anakula, hafanye kitu. Yule anayeuma ni Disiplini, sawa na ule wa fimbo. Na weye kaka mukubwa, Yaya Saidi, ni nani?"

"Mimi ni mwenye banda."

"Tutaona."

Tuliona siku ileile. Mjomba alimfunga Prefe kwenye kigari cha magurudumu ya pikipiki, akampandisha Mauwa, akampa hatamu. Mlangoni Prefe alipita vizuri, kwa kuwa mlango niliupimia mwili wake. Magurudumu yakakwaruza pande zote mbili, udongo ukadondoka. Wakaenda moja kwa moja mpaka ukuta wa mwisho wa korido yangu maridadi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilipima farasi, wala sikupima farasi aliyefungwa kigari, tena anayetaka kugeuka.

Prefe hakuweza kwenda kushoto. Hakuweza kwenda kulia. Kurudi nyuma hakufundishwa. Akajamba, akasimama. Tulimfungua, tukavuta kigari nje kwa mikono, Mauwa akiwa amebebwa mgongoni na baba yake. Hakunitukana. Alisema tu, polepole: "Yaya, siku zimebakia kumi na sita." Ningependa zaidi anitukane.

Jioni ile hamu ya kula ilinitoka, jambo ambalo mama yangu akilisikia ataita daktari.

Asubuhi iliyofuata nilimwomba Mauwa aendeshe uani, mahali palipo wazi, azunguke atakavyo. Yeye akazunguka, mimi nikamfuata nyuma na ndoo ya majivu, nikimwaga mahali gurudumu la nje lilipopita. Mara tano, mara kumi. Rula ya T ililala kwenye mkeka ikipumzika. Mwishowe palikuwa na duara jeupe chini, na halikuwa duara la shuleni: upande mmoja lilivimba kama yai, kwa sababu kila akifika hapo Prefe anavutwa na jikoni, kwenye majani ya viazi.

"Jenga hapa," nilimwambia Fundi Amisi. "Juu ya majivu."

"Paa pana hivi linataka nguzo ya katikati."

Nilitaka kubishana kwa nguvu ya nota tisa. Mauwa akanitangulia: "Weka nguzo, baba. Prefe ataizunguka."

Tulijenga siku kumi na mbili. Lile banda la kwanza likabaki vyumba vya kulala, likaunganishwa na ukumbi mpya kwa mlango uliopimwa kwa magurudumu na viwiko vya Mauwa. Ukuta uliishia usawa wa goti ili farasi waone nje, juu yake pakaachwa wazi, na moto wa kuni mbichi ukawekwa upande wa upepo kufukuza mbung'o. Mikono yangu ilitoa malengelenge. Fundi Amisi aliyatazama akasema, "Sasa umesoma."

Mvua ya kwanza ilinyesha siku moja kabla sijaondoka. Ndani, Mauwa alizunguka nguzo mara ishirini, kulia na kushoto, bila kuigusa.

Kuhusu njia ya kurudi Kasongo sina la kusema isipokuwa matope, na kwamba safari hii rula ilikuwa mti wa kukwangulia magurudumu.

Siku ya kwanza ya shule, simu ililia nikiwa darasani. Niliinama chini ya dawati nikamsikiliza Mauwa: alifika shule mvua ikinyesha, akageuza kigari uani mwa shule mbele ya watu wote, na Prefe akala maua ya prefe.

Juma lililofuata nilimpa mwalimu mchoro mpya, umetolewa kwenye majivu, na yai lake. Aliurudisha na wino mwekundu: duara limepinda, nguzo iko pabaya. Nne juu ya kumi.

Sikubishana. Ndani ya banda la enjeniere wa nota tisa farasi hakuweza kugeuka.