Albamu ya Pili ya Ondiek

Ondiek aliijua biashara kabla ya muziki, na hilo lilimsaidia. Alipotoka Kisumu kuja Kampala alipata kibanda katika soko la Owino, ubavuni mwa changu. Mimi nauza mikanda ya suruali. Yeye aliuza nguo za mitumba kama wenzake, mpaka alipogundua kwamba karibu kila robota likifunguliwa hutoka fulana nyeusi zenye mafuvu na majina ya bendi za Ulaya, na wauzaji huzisukumia chini ya meza wakisema ni za shetani. Akazikusanya kwa bei ya matambara na kuzitundika zote pamoja. Kibanda kikawa cheusi kama jiko la kuni. Mama wa nyanya akahamisha meza yake. Lakini vijana wa muziki wa hevi metal, ambao hakuna aliyejua kama wapo mjini, wakaanza kuja mmoja mmoja, na hawakujua kupatana bei. Mtu anayetaka kitu kimoja tu ni mteja mzuri sana.

Bendi ilitokana na wateja hao. Adero, karani wa ofisi moja Nakawa, alikuja kununua fulana akabaki kubishana. Mwanamke mpole, lakini akiimba koo lake linanguruma kama lori la changarawe. Oduor, fundi wa kunyoosha bodi za magari kule Kisenyi, akashika ngoma. Ondiek akashika gitaa.

Pa kupigia palikuwa gereji anakofanya kazi Oduor, mali ya Hajji Bashir, ambaye babu yake alifuata biashara kutoka pwani na ukoo haukurudi tena. Hajji hakutaka kodi. Alitaka jambo moja: adhana ikisikika, kimya. Si kumalizia ubeti kwanza. Kimya. Na baada ya swala anafunga geti. Mafundi nao hawakuondoka mpaka jua limekaribia kuzama, kwa hiyo bendi ilibaki na kijinafasi kabla ya magharibi. Ukianza wimbo mrefu, unakatwa. Ondiek akajifunza kutunga nyimbo zinazosema neno lao na kutoka.

Hivyo ndivyo walivyorekodi albamu ya kwanza, *Kutu*. Nyimbo mbili humo zinaishia katikati ya mstari, kwa sababu muadhini alikuwa ameanza. Mjerumani mmoja, Ulrich, akaandika mtandaoni kwamba hajawahi kusikia bendi yenye ujasiri wa kukata wimbo namna hiyo. Ondiek alinisomea maneno hayo. Nilimwambia asimsahihishe.

Miaka ikapita, wakapata studio Nakawa, yenye mazulia ukutani. Hakuna adhana inayopenya, hakuna anayefunga geti. Albamu ya pili, *Anga Pana*, ikatoka humo na nyimbo zilizonyooka kama barabara ya Jinja. Sauti ya upepo kwanza, kisha ndege wakilia, kisha gitaa, gitaa, gitaa. Ondiek alinipa nisikilize kibandani, akasimama akinitazama usoni.

"Sema, jirani."

"Nimeuza mikanda miwili kabla mtu hajaimba," nikamwambia.

Hakupenda. Na Adero aliichukia albamu ile kuliko mimi. Alikuwa amesema hatapanda jukwaani siku ya uzinduzi kama nyimbo hazitapunguzwa, maana hawezi kusimama mbele za watu kama mtu anayesubiri chenji. Bila Adero hakuna bendi. Fundi wa ngoma anapatikana, koo lile halipatikani. Ondiek alilijua hilo, ila kila nota ya albamu ile alikuwa ameitunga mwenyewe, na aliamini ndiyo kazi bora ya maisha yake.

Wakakubaliana Hajji aamue. Ile ya kwanza aliisikia yote kupitia ukutani, na hakuwa na upande. Tukaenda Kisenyi, mimi nikiwa shahidi. Hajji akaketi na chai yake, akasikiliza moja, akasikiliza nyingine, bila kukunja uso.

"Ile ya kwanza mlikuwa mnaniogopa," akasema. "Hii hammwogopi mtu."

"Kwa hiyo ni nzuri, Hajji?"

"Zote kelele, mwanangu. Lakini ile ilijua inakwenda wapi. Hii inazunguka kama mtu anayetafuta pa kuegesha gari."

Adero akacheka. Angenyamaza ingekuwa heri, kwa sababu Ondiek akasema papo hapo kwamba hapunguzi hata sekunde. Adero akachukua mkoba wake akaondoka.

Sasa, Owino mteja akiondoka, muuzaji hamfuati. Unajifanya unapanga mali, unamwacha afike kwenye kona, ndipo unamwita na bei mpya. Ukinyanyuka umeshindwa. Nikamwona Ondiek anafanya hivyo hivyo, ameinamia simu yake, anasubiri kona. Ila Adero amekuwa mteja wake miaka yote, mchezo anaujua. Alifika kwenye kona na hakupunguza mwendo.

Ondiek akanyanyuka, akamkimbilia.

Nikawafuata, sikutaka kukosa. Walipatana bei kando ya lundo la rejeta. Ondiek akatoa ndege. Adero akataka na upepo. Akatoa upepo. Adero akataka kila wimbo ukatwe nusu. Ondiek akakubali, lakini akaomba wa nne ubaki mzima. Adero akakataa, kisha akauliza kwa nini.

"Huo nilitaka kuutunga tangu *Kutu*, sikuwa na nafasi."

Adero akamtazama. "Kale," akakubali kwa Kiganda. "Mmoja. Na nikisubiri zamu yangu, usiniambie nitikise kichwa kufuata gitaa."

Leo fulana za *Kutu* bado zinauzika kuliko za *Anga Pana*, na kwangu hiyo ni hesabu iliyokwisha: albamu ya kwanza ni bora. Ondiek haulizi tena, na anakula vizuri. Lakini wimbo ule wa nne unazishinda nyimbo zao zote, nakiri hivyo mimi nisiyeupenda muziki huo.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa nusu. Wimbo wa nne ulipoanza Adero aliketi juu ya spika, akafungua soda, akainywa taratibu huku Ondiek akipiga macho yamefumbwa. Watu wa nyuma wakawa wanapiga soga. Soda ilipofika katikati, Adero akaiweka chini, akasimama, akaingia na sauti yake pale pale palipohitajika. Nyuma kule wakanyamaza.