Maswali ya Kabla ya Kuzamia

Bartholomayo wa Liuli, kijiji cha kando ya ziwa, alikuwa mtu wa kushuku, na wala hakuona haya. Ukimsalimia kwa uchangamfu alijiuliza una lako gani. Ukimpita kimya, alijua umetoka kumsema mahali. Mkewe Mariana, aliyemwoa kutoka milimani Litembo, alikwishazoea kuulizwa kila jioni nani kapita na kasema nini, naye alijibu huku akipepeta mahindi, maana kumnyamazia kulimzidishia mawazo. Kwa mengine yote alikuwa mume mwema na mvuvi hodari. Hakuna aliyemzidi kuzama kwa pumzi yake mwenyewe na kunasua wavu uliokwama kwenye mawe.

Kwa hiyo mradi ulipofika kutafuta watu wa kufundishwa kuzamia kwa mitungi ya hewa, ili wakatoe nyavu zilizoachwa miambani, kila mtu alimtaja yeye. Hilo nalo lilimtia wasiwasi. Tangu lini watu wa Liuli wakamtakia mtu heri kwa pamoja namna ile? Hata hivyo alijiandikisha. Kazi ile aliitaka kwa moyo wote, kwani mawe yale aliyajua tangu utoto kuliko alivyoijua njia ya kanisani.

Mwalimu wa kuzamia aliitwa Allen, kijana wa Tanga mwenye maneno machache. Aliyewachosha ni mwenzake, Glorious, daktari aliyetokea Moshi. Huyo aliwaita mmoja mmoja kwenye darasa tupu na kuwauliza mambo ambayo hata shangazi yako hakuulizi. Umewahi kuugua pumu? Masikio yako je? Moyo? Umewahi kuanguka kifafa, hata utotoni? Kifua chako kimewahi kupasuliwa au kutobolewa? Kuna dawa unayomeza kila siku? Alieleza na sababu, tena kwa upole. Hewa ya mtungi, alisema, mtu huivuta kule chini ikiwa imebanwa, na anapopanda inatanuka ndani yake. Pafu lenye kovu linaweza kupasuka. Na mtu akianguka kifafa chini ya maji, kile kipande cha kupumulia kinamtoka mdomoni, na pumzi inayofuata ni ya maji.

Wote waliohojiwa walitoka wakiwa wazima wa afya. Hakuna aliyewahi hata kukohoa. Mgeni angedhani hospitali ya Liuli imejengwa kwa ajili ya watu wa nchi nyingine. Lakini mzaliwa wa ufukweni anaelewa. Kule, kabla posa haijapokelewa, kila upande hutuma mtu wa kuuliza chinichini juu ya ukoo wa wenzao: kuna kifua kibovu, kuna wazimu, kuna kifafa? Ugonjwa uliotajwa mbele ya mgeni umeshatoka nyumbani, nao utafika kwa wachumba kabla wewe hujafika kwako. Ndiyo maana hata ugonjwa wa jirani huusemi. Na Bartholomayo alikuwa na binti, Siwema, ambaye wakwe watarajiwa kutoka Mbuji walikuwa bado wanamuulizia.

Zamu yake ilipofika akajibu hapana, hapana, hapana. Glorious akaona kovu chini ya kwapa lake, akauliza ni la nini. Akaambiwa ni chale za utotoni. Daktari alilitazama kovu lile kwa muda ambao hakuna anayetazama chale.

Haikuwa chale. Msimu mmoja wa kahawa, akiwa amepanda Litembo kwa wakwe zake, bodaboda iliteleza kwenye matope; ubavu ukavunjika ukatoboa pafu, akalazwa na mpira wa kutoa hewa kifuani, na habari zikashuka Liuli kabla yake. Aliyelala sakafuni kando ya kitanda chake mpaka aliporuhusiwa alikuwa Evarist, kaka yake Mariana. Naye Evarist alikuwa na lake. Aliposhuka ziwani kuja kuvua, aliangukia ndani ya mtumbwi, povu mdomoni, Bartholomayo akamshika kichwa mpaka ikapita. Tangu hapo alimeza vidonge kila jioni, na katika Liuli nzima waliojua ni dada yake na shemeji yake tu. Sasa Evarist naye alikuwa amejiandikisha, amejibu hapana kama wenzake.

Hapa msimwelewe vibaya Bartholomayo. Hakudanganya ili apite. Yale maneno ya pafu kupasuka yalimwingia, na usingizi ukampaa. Ila kujitaja mwenyewe hakuweza, na hakuona haja, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba atauzwa. Liuli aliyoijua yeye isingeshindwa kumchoma mtu mmoja kwa daktari. Angetokea mwenye kijicho, angenong'ona, naye angeondolewa kwa heshima zake huku akiwa na wa kumlaumu. Basi akakaa chonjo kuona atakuwa nani.

Glorious hakukaa bure. Kovu lile halikumtoka akilini, akawa anapita kuulizia. Walimwona kwa mama lishe, wakamwona kwa kasisi. Joakim, mvuvi aliyekosana na Bartholomayo kwa ajili ya wavu, alizungumza naye wakicheka, na Bartholomayo akasema moyoni, ndiye huyu. Kisha akamwona Evarist mwenyewe amesimama na daktari sokoni, mikono nyuma, akitikisa kichwa polepole. Nani mwenye sababu zaidi? Akishamtoa shemeji yake kwenye mafunzo, hakuna atakayebaki pale anayekijua kifafa chake. Nyumbani alimbana mkewe aseme kaka yake amezungumza nini na yule mgeni. Mariana alimwambia aache mambo yake. Basi akasubiri kuitwa, akiwa na uchungu na nafuu kwa pamoja.

Hakuitwa.

Asubuhi ya kuzamia watu walijaa mchangani, Mariana na Siwema wakiwamo. Allen aliwafunga mitungi, akawapanga wawili wawili, na Bartholomayo akawekwa na Evarist kwa kuwa ni ndugu. Maji yalipofika kiunoni aligeuka kumtafuta Glorious. Daktari alikuwa kwenye mtumbwi pembeni, anatabasamu, hana neno. Hapo ndipo Bartholomayo alipoelewa kwamba hakuna aliyesema. Si Joakim, si kasisi, si Evarist. Kijiji alichokishuku maisha yake yote kilikuwa kimemfichia siri yake mbele ya mgeni, na sasa kilisimama pale kinampungia mikono azame. Hajawahi kuogopa namna ile, hata siku ile aliyolala wodini na mpira kifuani.

"Daktari," alisema, "si chale. Pafu hili lilitoboka."

Glorious hakumgombeza. Alimwambia tu abaki hapo hapo mpaka avuliwe mtungi. Kisha akawageukia wengine na kuuliza kama kuna mwingine mwenye neno, maana hajachelewa na hakuna atakayemcheka. Wote walitazama maji. Evarist aliuma kile kipande cha kupumulia, akashusha maski machoni.

Bartholomayo alimngoja. Aliangalia mchangani, na Mariana, ambaye alikwishamwelewa kabla hajafungua mdomo, akamtikisia kichwa kumkataza. Siwema alikuwa amesimama bega kwa bega na mama yake. Pafu la ajali ni la mtu mmoja. Kifafa ni cha ukoo mzima, ndivyo wanavyohesabu watu wa kule, na watu wa Mbuji hawatauliza nyumba ya pili. Yote hayo aliyajua. Evarist akapiga hatua kuelekea kwenye kina.

"Na huyu asiende," Bartholomayo alisema. "Shemeji yangu huanguka kifafa."

Aliisema kwa sauti ndogo, lakini ziwa lilikuwa shwari, na mchangani wote walisikia.

Evarist alisimama. Akavua maski, akakitoa kile kipande mdomoni. Laiti angefoka, ingekuwa nafuu.

"Yule daktari aliniuliza habari zako, shemeji," alisema. "Nikamwambia huna kitu."

Bartholomayo alimwamini papo hapo. Hakumbuki neno jingine la mtu alilowahi kulipokea bila kulipima kwanza, na hilo lilimchoma kuliko yote aliyowahi kuyadhania.

Allen alimfungua Evarist mtungi bila kuuliza kitu. Mariana aliingia majini na kanga yake, akamshika kaka yake mkono, wakatoka pamoja, Siwema akiwafuata kwa mbali huku ameinamisha kichwa. Watu waliwapisha njia. Bartholomayo alibaki mahali pale, maji kiunoni na mtungi mgongoni, akingoja mtu wa kuja kumfungua.