Debe la Bibi Namwinga

Mwanangu, ipo Jumapili moja ya Itaka, kijijini kwetu, ninayoikumbuka kuliko siku niliyooa, na mke wangu akinisikia atanuna wiki nzima. Nilikuwa kijana mbadilisha fedha pale mpakani Tunduma, kwacha mfuko huu, shilingi mfuko huu. Siku hiyo nilivaa viatu vilivyong'aa mpaka kuku wakawa wanajitazama humo. Nilisema nakwenda kusali kanisa la nyumbani. Ukweli ni kwamba nilikwenda kuonekana. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikuja, mwenyeji akaumia.

Kwetu asiye na hela hutoa sadaka ya alichovuna: maharage, mayai, mkungu wa ndizi. Ibada ikiisha, vitu hivyo hunadiwa mlangoni, na fedha huingia kanisani. Ulikuwa mwezi wa pili, mvua inamwagika kana kwamba mbingu zimetoboka, mahindi mapya bado mabichi na ya zamani yamekwisha ghalani. Mzee Halinga, mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi, akasimama na debe la mahindi.

"Nani ananipa?"

Bibi Namwinga, mjane aliyelea wajukuu watatu, akataja bei yake. Ilikuwa bei ya kikombe cha chai, tena ya rangi. Watu wote kimya. "Mara ya kwanza," akasema Mzee Halinga. "Mara ya pili..."

Nami nikamwonea Mungu aibu! Nyumba yake iuze debe zima kwa bei ya chai? Nikapaza sauti nikataja mara kumi yake.

"Kijana," mzee akasema taratibu, "bibi ameshataja."

"Na mimi nimetaja, mzee! Mungu si ombaomba!"

Vijana wenzangu wakapiga miluzi: "Leo Tunduma imeshuka! Wape, mwana!" Bibi Namwinga akalifunga tena lile fundo la kanga alilokuwa ameanza kulifungua, akawashika wajukuu mikono. Nikamsikia yule mdogo akiuliza, "Bibi, leo hatubebi?"

Watu walipotawanyika, Mzee Halinga akanivuta pembeni.

"Unadhani sisi wote pale hatukuwa na hela ya debe?"

"Mbona mlinyamaza?"

"Kule kunyamaza ndiko kulikuwa sadaka yetu. Kila msimu wa njaa, bibi akitaja, hakuna anayepandisha. Ananunua kama wengine, anabeba, anakwenda zake. Hajawahi kuomba mtu."

"Si ungenikonyeza, mzee wangu?"

"Ningekukonyeza vipi, nawe macho yote yalikuwa kwa wanaokushangilia?"

Nikalibeba lile debe begani, na viatu vyangu vile, tope hadi magotini, mpaka kwa bibi.

"Nimekuletea, bibi. Bure kabisa."

Akalitazama, akatazama wajukuu wake waliosimama mlangoni. "Hawa wanajua bibi yao ananunua," akasema. "Usiwafundishe lingine. Rudi nalo, baba."

Hakuja tena kanisani. Kabla mahindi mapya hayajakauka alihamia Mbangala kulima kibarua kwenye mashamba ya watu, na mwaka haukuisha tukaletewa habari kwamba amezikwa hukohuko. Nimepiga magoti tangu siku hiyo mpaka yameota sugu za ngamia. Kama nimesamehewa, jibu sijapata.

Tena kuna lililo baya zaidi. Jumapili iliyofuata mwenye duka alipandisha bei pale mnadani, asionekane mdogo kuliko mimi. Akafuata mwenye mashine ya kusaga. Leo pale kanisani kuna vipaza sauti na vigae vinavyoteleza, na wajane husimama mbali wakitazama. Mwaka jana mama mmoja alijikaza akataja bei yake ndogo. Nikanyamaza kwa nguvu zangu zote, nikiomba kila mtu anyamaze. Sauti ikatoka nyuma yangu ikapandisha, watu wakapiga makofi. Kisha mchungaji akanisimamisha nipongezwe, eti mimi ndiye niliyewafundisha kumtolea Mungu kwa ukubwa. Nilisimama, mwanangu.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo niliisoma shule ya jioni, nikapata alama zote na nyingine za nyongeza, nikaja kuanguka nayo mlangoni pa kanisa. Basi sikia. Ukipeleka mali yako mbele za Mungu, tazama kwanza nani amesimama hapo kabla yako. Ukiona watu wazima wamenyamaza, usikimbilie kudhani ni maskini wa mfuko, uliza. Na usijidanganye kwamba ulichovunja kwa fedha utakiunga kwa fedha. Mimi nimejaribu.

Mungu akujalie riziki, mwanangu, na pamoja nayo akupe ulimi unaojua kutulia. Ukiwa unasali, unitaje na mimi.