Keki ya Asilimia Tisini na Nne

Jarkko alileta keki Alhamisi, na juu yake kwa krimu ya waridi palikuwa pameandikwa 94. Hapa Kajaani, mji mdogo wa Finland, watu huleta keki ofisini mtoto akizaliwa au mtu akistaafu. Safari hii aliyezaliwa alikuwa namba.

Maire Kortesniemi hakunyanyuka. Alikaa na soksi zake za sufu, miwani imeshuka puani, akiitazama skrini kama mke anayemtazama mume aliyerudi ananukia marashi ya kwingine.

"Maire, njoo ule!" aliita Jarkko, bosi wetu, kisu mkononi.

"Juzi tulikuwa sabini na moja. Nani ameandika majaribio?"

"Timu."

"Timu gani? Tuko wanne. Mimi sijaandika. Sanelma alikuwa na mafua. Na huyu," akaninyooshea kidole, "diploma yenyewe ameiacha nusu, ndiyo aje amalize majaribio?"

Wakacheka. Nilicheka kuliko wote ili isinichome.

Tulikuwa tunaunda programu ya bangili za wazee. Mzee anayeishi peke yake msituni akianguka, anabonyeza bangili, kisanduku cha ukutani kinapeleka wito, na programu yetu inaamua ni nani apigiwe simu. Nyumba mia tatu na arobaini zilikuwa ziachane na bangili za zamani na kuwashiwa zetu Jumatatu. Mkataba wa manispaa ulisema majaribio yapite juu ya asilimia tisini ya mistari ya programu, na mpimaji aweke saini. Mpimaji ni Maire. Bila saini yake hakuna Jumatatu.

Kipimo chenyewe si uchawi. Kuna chombo kinachoifuata programu nyuma nyuma wakati wa majaribio na kuandika kila mstari uliokanyagwa. Uliokanyagwa unakuwa kijani, uliorukwa unabaki mwekundu. Lakini chombo hiki ni kitiifu kupita kiasi: ukiweka alama fulani pembeni mwa mstari, hakiuhesabu tena, si kijani si mwekundu. Alama hiyo ina kazi yake ya halali. Jarkko aliifanya fagio. Alikuwa kama mwalimu aliyefuta majina ya watoro daftarini, kisha akatangaza kwamba shule nzima imehudhuria.

Na ile shule nzima, mimi nikiwemo, tulikuwa tumeshika sahani tukipiga makofi.

Maire hadanganyiki hivyo. Miaka kumi na tisa alipokea simu za dharura, na kituo chao kilipofungwa akarudi darasani, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, kukaa na vijana waliokuwa wakimwita bibi akiwapa mgongo. Alijifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwa hasira ile ile anayopasulia kuni.

"Mistari mia na ishirini imefichwa," alisema. "Jana, saa tisa alasiri. Na jina liko hapa, Jarkko. Hata kuiba hujui."

"Hiyo ni mistari ya makosa ya nadra, bwana! Mtandao ukatike, na hapo hapo betri ya kisanduku iwe imekwisha nguvu. Inatokea lini? Mara moja kwa mwaka!"

"Inatokea Februari. Theluji inalalia nyaya, umeme unakatika, mitambo ya simu inazimika. Na ndio mwezi watu wanateleza. Nyamazeni nisome."

Akawasha ufuatiliaji wa mstari kwa mstari, ule unaotoa kila hatua wakati programu inaikanyaga. Akatunga wito: bibi wa miaka themanini na sita, betri chini, mtandao umekatika katikati. Akasoma kwa sauti, kidole kwenye kioo.

"Mia mbili na kumi: wito umepokelewa. Mia mbili na kumi na moja: washa taa ya kijani kwenye bangili. Mia mbili na kumi na nne: piga simu. Imeshindikana. Mia mbili na thelathini: kuna kosa. Mia mbili na thelathini na moja: achana nalo." Akaondoa kidole. "Basi."

"Basi nini?" aliuliza Sanelma, uma ukiwa mdomoni.

"Imeisha. Taa ya kijani inamwambia bibi msaada unakuja, naye yuko sakafuni jikoni anausubiri. Hakuna aliyepigiwa, na hakuna atakayepigiwa."

Mstari wa mia mbili na thelathini na moja niliuandika mimi, Novemba, nikisema nitaurudia. Nikaendelea kula keki.

"Tutarekebisha wiki ijayo," alisema Jarkko. "We saini tu leo. Manispaa wanaangalia namba, hawafungui ndani."

"Si ndiyo maana wanataka saini?"

"Ukikataa, nitamfanya Sanelma mpimaji, asaini yeye."

"Nani? Mimi?" Sanelma akaweka sahani chini. "Mimi kadi ya mama mkwe siisaini kabla sijaisoma, sembuse hii. Nitoe humo."

Jarkko akawa mwekundu kuliko mistari yake. "Unawaharibia watu wote kwa ajili ya bibi mmoja ambaye hayupo! Umemtunga wewe mwenyewe!"

Hapo Maire akasimama.

"Nimemtunga? Unajua simu iliyodondoka sakafuni inasikikaje, wee Jarkko? Dakika kumi na moja nilikaa nayo sikioni, gari linahangaika na theluji, na nilikuwa nimemwambia yule mama aliyeiangusha kwamba msaada unakuja. Nilimwambia kwa sababu gari nilishalituma! Hii takataka yako inasema maneno yale yale na haijatuma hata baiskeli!"

Maire akakaa, akafuta alama zote, akaendesha majaribio upya. Sabini na moja. Akaichukua fomu ya manispaa, akaikata ile 94 kwa kalamu, akaandika 71 pembeni, na chini yake jina lake kamili.

"Ulitaka saini. Hiyo hapo."

Aliipiga picha na kuituma kabla Jarkko hajaizunguka meza.

Manispaa walijibu Ijumaa: wazee wabaki na bangili zao za zamani, sisi tupewe hadi mwisho wa Machi, na malipo yatapunguzwa kwa kuchelewesha. Hakuna aliyemshukuru Maire. Jarkko humsalimia kwa kidevu, na meza ya Maire ameihamishia kando ya mashine ya kuchapisha, pale upepo wa mlangoni unapoingilia.

Mimi nimevuta kiti nimeketi naye. Tunaandika majaribio ya ile mistari mia na ishirini, mmoja mmoja, na kila jaribio lazima lithibitishe kwamba simu imelia kwa mtu. Leo tuko asilimia themanini na tatu. Hajanisamehe ule mstari wa Novemba alioukuta na jina langu, na sijathubutu kumwomba.